Bima ya Safari Isinunuliwe kwa Ajili ya Viza Peke Yake

Mwaka juzi nilimpeleka mama yangu Uhispania, naye akiwa na umri wa miaka 67 pamoja na sukari na presha ya siku nyingi. Wakala mmoja wa bima hapa Mombasa, kwenye barabara ya Nkrumah, aliniuzia bima ya bei ya chini kabisa, akanihakikishia kuwa ubalozi utaikubali. Kwa hilo hakusema uongo, kwani viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uhispania ikiwemo, inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, itakayotumika katika nchi zote za eneo hilo na kugharamia pia kumrudisha nyumbani mgonjwa, au maiti. Viza ikatoka, nami sikuifungua tena ile karatasi.

Wakati wa kurudi tulikuwa tumepanga kukaa Istanbul siku tatu. Siku ya pili, kwenye ngazi za mawe zilizolowa mvua, mama aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Nilipiga simu ya dharura nikiwa nimeukunjua mkataba juu ya goti, na mhudumu akaniomba nimsomee mstari ulioandikwa eneo la safari. Paliandikwa Schengen, basi, na Uturuki haimo. Eksirei, plasta na dawa nililipa kutoka mfukoni, na dai nililolipeleka baada ya kufika nyumbani lilikataliwa, tena kwa haki.

Tangu siku hiyo huanza na ratiba ya safari kabla sijauliza bei. Kila nchi nitakayotoka nje ya uwanja wa ndege, hata kwa usiku mmoja, lazima iwe ndani ya mkataba, na tarehe zihesabiwe tangu siku ya kuondoka Mombasa mpaka siku ya kurudi. Zipo pia nchi zisizodai bima kwa viza ya matembezi, Uingereza ikiwa mojawapo, na huko ndiko wengi hujisahau: idara ya dharura ya hospitali ya umma humtibu mgeni bila malipo, lakini akilazwa huweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida.

Jambo lililonitia hofu zaidi nililigundua baadaye. Katika fomu, mahali panapoulizwa maradhi ya awali, wakala alikuwa ameandika "hakuna" ili bei isipande. Lau mama angeanguka kwa sukari badala ya kuteleza, hata kule Uhispania tusingelipwa senti, kwa kuwa maradhi yaliyofichwa huipa kampuni sababu ya kulikataa dai. Kwa mzee, tafuta bima inayoyataja maradhi hayo waziwazi, ukubali kulipa zaidi, na ujaze fomu kwa mkono wako.

Uliza pia kama kampuni huilipa hospitali moja kwa moja au hukurudishia baadaye, na ni kiasi gani utakachobeba mwenyewe katika kila dai. Ahadi za mizigo iliyopotea mimi huzipa uzito mdogo. Sanduku la nguo hununuliwa tena.

Mkataba wa safari yetu ijayo nimeuchapisha nakala mbili, na namba ya dharura nimemwandikia mama kwa herufi kubwa kwenye kadi iliyomo ndani ya mkoba wake wa dawa.