Barua kwa Mwanangu: Ukishaangushwa Chini

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa ada. Unataka kuingia darasa la jujitsu ya Kibrazili, lile la kushikana na kupambana chini, lakini rafiki yako anayefanya ngumi amekuambia kwamba anayekwenda chini kwenye ugomvi wa kweli amejichimbia kaburi. Ukaona uniulize mimi, kwa kuwa nimekuwa kwenye judo, mchezo wa Kijapani wa kuangushana na kushikana, tangu hujazaliwa: nani anasema kweli, na je, kumfunga mtu kiungo, yaani kukilazimisha kupita kikomo chake, kunamzuia hata kama amekuzidi kilo 30?

Nenda. Ila uende ukijua unafuata nini, maana wengi huingia wakifuata kuvunja mikono ya watu, wakachoka mapema na kuondoka hawana walichopata.

Rafiki yako yuko sahihi kwamba huna sababu ya kushuka chini kwa hiari yako. Wavamizi wakiwa wawili, utakapokuwa unahangaika na mmoja, mwingine anakupiga mateke ya kichwa. Kukiwa na kisu, kukumbatiana na mwenye kisu ni hatari kubwa. Lakini anayevamiwa hachagui. Husukumwa, huvutwa nywele, hujikwaa, na anapozinduka mtu mzito amemkalia kifuani. Hapo ngumi hazimsaidii sana, kwa sababu nguvu ya ngumi huanzia miguuni, na miguu haina pa kukanyaga. Kwa hiyo jifunze mapambano ya chini kwanza kabisa ili uweze kuinuka na kukimbia.

Nikueleze jambo moja kwa kirefu, uone ninamaanisha nini. Mtu amekukalia juu. Mwili wako utataka kumsukuma kwa mikono iliyonyooka, na anayeijua kazi hiyo anausubiri mkono wa namna hiyo, kwa kuwa ndio rahisi kuufunga kiwiko. Wewe bana viwiko mbavuni. Nasa mkono wake mmoja ukae kifuani pako, kisha tega unyayo wako nje ya mguu wake wa upande uleule asiweze kuutoa kujiegemeza. Sasa inua kiuno kwa nguvu zako zote, ukielekea juu ya bega, umbiringishe upande ule aliokosa nguzo. Akiwa mzito na habiringiki, lala ubavu, sogeza nyonga nyuma kidogo, tena kidogo, hadi goti lako lipate upenyo wa kuingia kati yenu. Likiingia la pili, msukume kwa miguu, weka kiganja chini nyuma yako, vuta mguu mmoja chini ya mwili, simama huku mkono mwingine unalinda uso. Halafu ondoka mbio.

Ukisoma hivi ni rahisi. Ukijaribu na mtu asiyetaka kutoka, utakwama. Pumzi itakata kwa sababu uzito wake uko juu ya mbavu zako, utasahau mguu upi unaotega, utaogopa. Hofu ile ndiyo inayomlemaza mtu, na huwezi kuizoea kwa kusikiliza maelezo. Unaizoea kwa kukaliwa na watu wanaokushinda, tena na tena, mahali ambapo ukigonga mara mbili kwa kiganja wanakuachia papo hapo.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya michezo hii, na ndiyo sababu naipenda kwa moyo wote. Jigoro Kano alipoanzisha judo Japani mwaka 1882, alitoa kwenye mazoezi huru mbinu ambazo haziwezekani kufanywa kwa nguvu zote bila kuumizana. Ungedhani wanafunzi wake wangekuwa dhaifu kuliko wale wa shule zilizojivunia mbinu za kuua. Ilikuwa kinyume. Wao walipambana kila siku na mtu anayekataa kuangushwa, wakati mbinu za kuua huwezi kuzijaribu kwa mwenzako, unabaki kuziigiza. Mmoja wa wanafunzi wa judo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, akamfundisha Carlos Gracie, na ukoo huo ndio uliokuza jujitsu unayotaka kuingia. Mazoezi ya kupambana na mtu anayekataa hawakuyaacha.

Sasa viungo. Kiwiko hukunjika upande mmoja tu. Ukiulaza mkono wa mtu kati ya mapaja yako, kidole gumba chake kikitazama juu, ukabana magoti na kuinua nyonga, mgongo na miguu yako vyote vinapambana na kiungo kimoja. Hata mwenye nguvu kuliko wewe hawezi kuushinda mwili mzima kwa kiwiko. Ndiyo maana hesabu ya kilo 30 inapungua makali hapo. Inapungua tu, haifutiki: uzito utauona katika safari yote ya kufika mahali hapo, na yeyote atakayekuambia kwamba mbinu inafuta uzito, usimwamini.

Tena maumivu hayamzuii kila mtu. Mwaka 1951, kwenye uwanja wa Maracanã, Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani, alimfunga Hélio Gracie, mdogo wake Carlos, bega kwa mkono uliokunjwa nyuma. Hélio alikataa kugonga. Upande wake ndio uliositisha pambano. Kufunga bega kwa namna ile mpaka leo kunaitwa kimura. Kama mwanamichezo mwenye akili timamu alivumilia hivyo, mlevi au mtu aliyepandwa na hasira huenda asisikie kabisa. Kwa hiyo usitegemee kumfunga mtu kiungo ili aombe radhi. Na zile za kumkunja mtu kifundo cha mkono mkiwa mmesimama, ambazo huonyeshwa na wenza wanaojirusha wenyewe, mimi sizitegemei kwa mvamizi anayejitupatupa.

Kinachotangulia ni nafasi. Mwaka 1993, kwenye shindano la kwanza la UFC, mapambano ya kuchanganya mitindo yote ya kupigana, mjini Denver, Marekani, Royce Gracie, mtoto wa Hélio, aliwashinda watu watatu usiku mmoja, wakati ambapo makundi ya uzito hayakuwepo. Hakuna hata mmoja aliyevunjwa kiungo. Wa kwanza alijisalimisha akiwa ameshikiliwa chini tu, wawili waliofuata walikabwa shingo. Lakini na hilo lipime: lilikuwa pambano la mtu na mtu, bila silaha, na mwamuzi kasimama pembeni.

Kabali utafundishwa pia. Ile inayobana mishipa ya pembeni mwa shingo huzuia damu kwenda kichwani, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache hata kama hasikii maumivu. Kwa hiyo ina nguvu kuliko kufunga viungo, na kwa sababu hiyohiyo inaua ikishikiliwa. Mwenzako akigonga, achia. Akilegea bila kugonga, achia. Na siku ukiihitaji kwa kweli, mtu akishaacha kukushambulia haki yako ya kumuumiza imekwisha. Sheria za nchi nyingi humtazama anayejitetea kwa kipimo cha nguvu aliyohitaji kutumia.

Kuna mbinu moja nakukataza kwa sasa: kuunasa mguu wa mwenzako na kuzungusha kisigino chake. Inalenga goti, na kano za goti zinaweza kukatika kabla hujasikia maumivu ya kukuonya ugonge. Judo ya mashindano inaruhusu kufunga kiwiko peke yake, kufunga viungo vya mguu hakuruhusiwi, nami naona ni busara kwa anayeanza. Mkono wako ukinaswa na kunyooshwa, gonga mapema. Kiwiko kikiteguka kinaweza kukuweka nje miezi.

Mengine ni madogo. Kata kucha, vua hereni na pete, fua nguo za mazoezi kila baada ya kipindi, oga mara unapomaliza, kwa sababu choa husambaa haraka kwenye mikeka. Ukiona upele wa duara, kaa nje hadi upone.

Kabla hujalipa, nenda ukakae pembeni uangalie kipindi kizima. Tazama kama kuna muda wa kupambana huru au wanarudia tu mienendo kwa mtu aliyelegea. Tazama mzito anapopangwa na mwepesi: anampa nafasi ya kufanya kazi, au anamkandamiza kujifurahisha? Mtu akigonga, anaachiwa saa ileile? Muulize mwalimu wanaoanza hupambana na nani wiki ya kwanza, na kama mnaanzia pia mkiwa mmesimama, kwa sababu ukijua kutoangushwa huhitaji hayo mengine. Zungumza na wanawake waliokaa pale muda mrefu, wakiwa peke yao. Mchezo huu ni wa miili kubanana, na ukiona mkono wa mtu unafanya kisichokuwa mazoezi, simama uondoke katikati ya kipindi. Huna haja ya kumweleza yeyote sababu.

Ngumi usiziache moja kwa moja. Baada ya miezi kadhaa mwombe huyo rafiki yako akufundishe kulinda uso na kupima umbali, nawe mfundishe kutoka chini ya mtu. Nina hakika atashangaa jinsi atakavyokwama.

Niandikie ukishaangalia kipindi hicho, uniambie uliyoyaona.

Mama yako