Swali la lugha: Ndoo imeingiaje kwenye kifo cha Mwingereza?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa natazama filamu ya Kiingereza yenye maandishi ya Kiswahili chini. Wapwa wawili wanagombea urithi, mmoja akasema mjomba wao "kicked the bucket". Maandishi yakasomeka: "mzee aliipiga ndoo teke". Najua maana yake ni kufa, lakini ndoo imetoka wapi? Na Kiswahili kingefaa kiseme nini? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Aliyeandika hayo kafasiri maneno, msemo kauacha pale pale.

Hadithi utakayoisikia sana ni ya mtu anayejinyonga akiwa amesimama juu ya ndoo. Inaingia akilini upesi, na ndiyo maana siiamini; visa vinavyokaa sawa mno aghalabu hutungwa baada ya msemo kuzoeleka. Francis Grose aliuingiza msemo huu katika kamusi yake ya lugha ya mitaani, iliyochapwa London mwaka 1785, na maana aliyoipa ni kufa tu. Kitanzi hakutaja.

Maelezo yenye uzito zaidi yanatupeleka kwenye machinjio. Zamani neno "bucket" halikuwa la ndoo peke yake. Liliitwa hivyo pia gogo la kuning'inizia vitu, hata mti wa mzega ule wa kubebea mizigo begani. Shakespeare analo kwa maana hiyo katika sehemu ya pili ya Henry IV. Huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nguruwe wa kuchinjwa alifungwa miguu ya nyuma kwenye boriti ya jina hilo, kichwa chini. Akitapatapa kukata roho, miguu inagonga boriti. Kwa hiyo teke lilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni ndoo.

Tukirudi kwenye filamu yako, asili hiyo ni tamu kuijua ila mfasiri haimsaidii. Mfaransa naye "huvunja kiko chake", Mjerumani "hukabidhi kijiko", na hakuna anayekwenda kutafuta kiko wala kijiko. Cha kuangalia ni nani anasema na kwa sauti gani. Kauli ya Kiingereza ni ya mzaha, ina ukavu fulani. Mtu hawezi kuitamka msibani akaachwa salama. Basi "amefariki", "ameaga dunia" na "ametangulia mbele ya haki" hazifai hapa, zina heshima ambayo wapwa wale hawana. Sisi tunayo "kukata kamba", inakaa barabara. Mitaani Dar utasikia "kudanja", Nairobi "kudedi", lakini hizo zingewafanya wahusika wawe vijana wa kijiweni, na sidhani kama ndivyo walivyo.

Kuna jambo moja zaidi linaloifananisha misemo hii miwili. Yote haitaki kuguswa. Mwingereza akisema ndoo imepigwa teke na mzee, kifo kimeyeyuka, imebaki ndoo. Jaribu na wewe: "kamba ilikatwa na mjomba". Marehemu amefufuka, tena ana kisu mkononi.

Mimi ningeandika: "Mjomba kakata kamba." Ni maneno matatu, yanasomeka kabla picha haijabadilika.