Kabla hujaandika "ni majaaliwa": kwa wanaoanza kusoma tanzia za Kigiriki

Kila muhula swali hili hurudi, kwa maneno tofauti kidogo: Oedipus, mfalme wa Thebes katika tamthilia ya Sophocles, aliangamizwa na majaaliwa au na tabia yake? Majibu nayo hugawanyika vilevile. Kundi moja huandika kwamba maskini hakuwa na la kufanya, lililoandikwa halifutiki. Kundi la pili humsomea mashtaka: mkali, mbishi, mwenye kiburi, kavuna alichopanda. Nimesahihisha insha nyingi za pande zote mbili, na shida yake ni moja: hukumu imeshatolewa kabla kitabu hakijafunguliwa. Msijione wanyonge kwa hilo. Mwaka 1966 E. R. Dodds, aliyekuwa profesa wa Kigiriki kule Oxford, aliandika makala nzima kulalamikia majibu ya namna hiyohiyo aliyoyakuta kwenye mitihani ya wanafunzi wa huko.

Ushauri wangu wa kwanza hauna mbwembwe. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika yote yaliyotokea kabla tamthilia haijaanza, kulia andika yanayotendeka mbele ya macho ya watazamaji. Kushoto patajaa upesi: utabiri aliopewa Laius, baba yake Oedipus, kichanga Oedipus kilichofungwa vifundo vya miguu na kukabidhiwa mchungaji akakitupe mlima Cithaeron, malezi ya Korintho kwa Polybus na Merope, waliomlea kama mwana wao, mlevi aliyeropoka karamuni kwamba kijana huyu si mtoto wa hapa, safari ya Delphi kwenye hekalu la mungu Apollo, mauaji ya Laius njia panda, Sphinx, yule dubwana wa kitendawili, ndoa na Jocasta, mjane wa Laius. Kuua baba na kuoa mama, yaani yale ambayo Apollo aliyatabiri, yote yako kushoto. Mfalme anapotoka mlangoni kuwasikiliza watu wa Thebes wanaokufa kwa tauni, utabiri umeshatimia zamani.

Sasa tazama kulia. Huko kuna mtu mmoja anayeuliza, Oedipus. Anamwita Tiresias, mwaguzi kipofu, na Tiresias anaomba arudishwe nyumbani. Oedipus anakataa. Jocasta, aliyekwisha kuelewa, anamsihi aache kutafuta. Oedipus anakataa. Mchungaji mzee naye anajaribu kukwepa, anasema yuko ukingoni mwa kutamka neno la kutisha. Oedipus anamjibu: nami niko ukingoni mwa kulisikia, lakini sharti nisikie. Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu mara tatu, soma hiyo. Hakuna mungu aliyemshika mkono pale.

Lakini usikimbilie kuandika kwamba angenyamaza angepona. Tiresias mwenyewe anasema mambo yatakuja hata akiyafunika kwa ukimya, na jiji linakufa. Mfalme asiyetafuta chanzo cha tauni ni mfalme gani? Hapo ndipo insha nyingi za kundi la pili huanguka. Wanasaka dosari, wakiambiwa kwamba kila shujaa wa tanzia lazima awe nayo. Aristotle, mwanafalsafa anayetajwa kuwa ndiye aliyelisema hilo, aliandika kwamba mtu wa tanzia huanguka kwa kosa kubwa, si kwa uovu. Tena katika kitabu hichohicho aliweka msuko wa matukio mbele na wahusika nyuma yake. Kinachomwangusha Oedipus jukwaani ni kilekile kilichomshinda Sphinx na kumpa kiti cha enzi: akili isiyovumilia fumbo, na uchungu wa kweli kwa watu wake. Ukiiita hiyo dosari, itabidi ueleze kwa nini wananchi wanamjia yeye kwanza na si mwingine.

Jambo ambalo vitabu vya mwongozo hulipita haraka, nami nalipenda kuliko yote, ni namna waaguzi wanavyofikia kusema. Tiresias wa mchezo huu amekuja akiwa amekusudia kunyamaza. Ni Oedipus anayemchokoza, anamtuhumu kwamba alishiriki kupanga mauaji, na hapo ndipo maneno yanapomtoka, pamoja na utabiri wa upofu. Linganisha na Antigone, mchezo mwingine wa Sophocles. Mfalme Creon ameamuru maiti ya Polynices iachwe bila kuzikwa na amemfungia Antigone, dada wa marehemu aliyemzika, pangoni akiwa hai. Tiresias anakuja na dawa mkononi: kukosea ni kwa kila mtu, anasema, mwenye busara hujirekebisha. Creon anamwambia amekula rushwa. Ni baada ya tusi hilo ndipo mzee anapomtamkia kwamba atalipa maiti kwa maiti, kutoka uzao wake mwenyewe. Mara zote mbili utabiri uko kwenye ulimi wa mwaguzi na tabia ya mfalme ndiyo inayoutoa nje. Ukilieleza hilo kwa mistari ya mchezo mkononi, utakuwa umejibu swali la mtihani bila kuchagua upande.

Na usimwache Creon hapo. Akishaogopa, anawauliza wazee wa korasi, lile kundi la waimbaji jukwaani, afanye nini. Wanamjibu kwa mpangilio: kamtoe binti pangoni, kisha umjengee kaburi aliyeachwa wazi. Anaondoka akisema yeye aliyemfunga ndiye atakayemfungua. Halafu mjumbe anakuja kusimulia, na katika simulizi yake mpangilio umegeuka: walikwenda kwanza kwa maiti, wakaiosha, wakaichoma kwa matawi mabichi, wakamrundikia udongo wa nchi yake, ndipo wakaelekea pangoni. Antigone alikuwa ameshajinyonga. Mwanafunzi anayesoma muhtasari tu ataandika "Creon alichelewa." Aliyesoma mchezo anajua alichelewa akifanya nini.

Neno kuhusu kudura. Wengi wetu, Waislamu na Wakristo, tunaingia darasani na picha ya Mungu mmoja, mwenye kujua yote na mwenye haki, kisha tunaivalisha Ugiriki picha hiyo bila kujua. Apollo wa Sophocles hatoi sababu yoyote kwa nini ukoo wa Laius upatwe na haya. Aeschylus, mshairi mwingine wa tanzia, katika mchezo wake kuhusu watu saba walioshambulia Thebes, wa mwaka 467 KK, anatoa sababu: Laius alionywa mara tatu afe bila mtoto ili jiji lisalimike, akakaidi. Kisa ni kimoja, majaaliwa ni mawili. Kwa hiyo usiandike "Wagiriki waliamini kwamba…" Andika mshairi yupi, mchezo upi, nani anasema.

Kwa Aeschylus anza na Agamemnon, wa mwaka 458 KK. Upepo umezuia merikebu za vita bandarini Aulis, mungu wa kike Artemis anataka binti wa mfalme Agamemnon achinjwe. Korasi inasimulia jinsi Agamemnon alivyopima: kuasi ni balaa, kumchinja mwanangu ni balaa. Kisha inasema alijivika nira ya lazima. Lisilobudi hutendwa, utasema, lakini angalia kitendo: nira ni ya lazima, mkono wa kuivaa ni wake. Miaka 14 kabla, katika mchezo wake kuhusu Waajemi, mzimu wa mfalme Darius ulikuwa umeshasema kuhusu mwanawe Xerxes kwamba mtu mwenyewe akiharakisha, mungu naye humsaidia kufika. Mistari hii miwili inabeba insha nzima.

Euripides, mshairi wa tatu, nitampita upesi, si kwa kumdharau. Hippolytus, mchezo wake, inafunguliwa na Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, akitangaza kwamba kijana Hippolytus atakufa leo, na bado kila hatua ya kumfikisha huko inatendwa na binadamu: yaya anayefumbua siri, Phaedra, mama wa kambo, anayeandika uongo, baba anayelaani bila kuchunguza. Medea, wa mchezo mwingine wa Euripides, hana utabiri wowote wa kujificha nyuma yake.

Mambo mawili ya kazi ya kila siku. Usiruke nyimbo za korasi kwa kuwa ni ngumu, lakini pia usizinukuu kama sauti ya mshairi. Korasi ya Oedipus ni wazee wa Thebes wasio na mamlaka, na hofu yao inabadilika kila habari inapofika. Pili, tafuta tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, iliyotoka 1971, uisome kwa sauti na wenzako kabla ya semina. Maandishi haya yalitungwa yasikike, na mabishano ya mfalme na mwaguzi huonekana mengine kabisa yakipata vinywa viwili.

Mwishoni mwa mchezo wa Oedipus, mfalme, akiwa ameshajitoboa macho, anaulizwa ni mungu gani aliyemsukuma. Anajibu kwamba Apollo ndiye aliyeyatimiza mateso haya, lakini mkono uliopiga macho ulikuwa wake peke yake. Wengi huishia hapo kwa furaha, wakidhani wamepata nukuu ya kufungia. Endelea na mchezo ambao Sophocles aliuandika uzeeni, ukaonyeshwa mwaka 401 KK akiwa ameshafariki. Oedipus yuleyule, sasa mzee, yuko Colonus nje ya Athens, na anajitetea: matendo yale yalinipata zaidi ya kuwa niliyatenda. Creon anapomtupia mauaji ya baba yake, anamuuliza: mtu akikujia sasa hivi kukuua, utamhoji kwanza kama ni baba yako, au utajihami? Liweke swali hilo kando ya hasira ya njia panda uliyokuwa umeshaiita dosari, kisha uanze rasimu ya pili.