Mambo yakienda mrama kwa Kiingereza

Wiki hii karibu maswali yote yaliyonifikia yanahusu misemo ya Kiingereza ya mambo kuharibika. Nimeteua haya.

Mpokezi wa hoteli, Nungwi: Mwalimu, shikamoo. Nilimwambia mgeni wetu Mwingereza kuwa boti ya Mnemba haiendi kwa sababu ya upepo. Akasema, "It's all gone pear-shaped." Nikamjibu mapeasi hatuna, yapo maembe. Akacheka mpaka akakaa chini. Nilikosea wapi?

Marahaba. Hukukosea sana, ulimchangamsha. "Pear" ni peasi kweli, lakini alikuwa anasema mpango wake umeharibika. Msemo huu ni wa Waingereza, na wenyewe hupenda kusimulia kuwa umetoka kwa marubani wa jeshi lao la anga. Kwetu mambo huenda mrama, na mtu wa Nungwi hahitaji kuelezwa mrama ni nini: ni kule chombo kuyumba ubavu kwa ubavu baharini. Mfundishe neno hilo akiwa bado hapo. Atalipenda kuliko maembe.

Dereva wa watalii, Arusha: Abiria wangu Mmarekani alisema kwenye simu kwamba biashara yao "went south". Wamehamia kusini?

Hapana, imeporomoka. Kwenye ramani kusini kuko chini. Wasomaji wa Mtwara na Lindi msininunie, msemo sikuutunga mimi.

Fundi wa mashine za kuchapa, Kariakoo: Mteja kaleta printa na kikaratasi: "Gone haywire." Nimeifungua yote natafuta huo waya, sijauona.

Pole fundi. Waya wenyewe ulibaki Marekani. "Hay" ni majani makavu ya kulishia mifugo, na "haywire" ni ule waya mwembamba wa kufungia marobota yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakata magogo wa huko waliita "haywire outfit" kambi ambayo vifaa vyake vimeungwaungwa kwa waya huo kwa kukosa vipuri. Wewe unaijua hali hiyo: daladala ambayo mlango unafungwa kwa kamba na bampa imeshikwa na mpira wa ndani wa baiskeli. Inatembea, ila hakuna ajuaye itakachofanya mbele ya safari. Polepole neno likahama, kutoka kitu kilichoungwa ovyo hadi kitu kinachofanya kazi ovyo.

Na hapo ndipo penye faida kwako. "Gone haywire" si "imekufa". Mashine iliyokufa haiwaki kabisa. Hii inawaka, ila ukiiomba karatasi moja inatema kumi, na herufi zimepandana. Imekwenda segemnege, au kama wasemavyo vijana wako hapo dukani, inazingua. Mteja angeandika "dead" ungeanza na umeme. Kwa alichoandika, mwombe kwanza akuonyeshe inavyozingua, kisha ndiyo ushike bisibisi.

Katibu muhtasi, Nairobi: Mkubwa wangu, Mwingereza, aliingia ofisini akikohoa. Nikamuuliza kwa huruma, "What is wrong with you?" Ofisi nzima ikanyamaza.

Uliwaza "una nini?" ukalivika maneno ya Kiingereza. Sarufi yako ni safi, ila swali hilo masikioni mwao lina harufu ya "una kichaa?" Mama humwuliza hivyo mtoto aliyemwaga uji kwenye kochi. Kwa mkubwa wako sema "Are you all right?" Hata "What's the matter?" inafaa, mradi sauti iwe laini.

Iangalie pia "out of order". Ikibandikwa kwenye lifti, lifti ni mbovu. Mwingereza akimwambia mtu "You're out of order", anamwambia amevuka mpaka, amekosa adabu. Mimi niliwahi kuambiwa hivyo na mwalimu mwenzangu baada ya mabishano, nikamjibu kuwa mimi ni mzima kabisa, asante. Alidhani ninazidisha dharau, na tulichukua muhula mzima kupatana.

Mwanafunzi wa kidato cha tano, Mbeya: Watu husema "Houston, we have a problem." Houston ni nani?

Ni mji wa Texas, ndiko NASA, shirika la Marekani la safari za anga za juu, inakoongozea safari za wanaanga wake. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka ndani ya Apollo 13 ikiwa njiani kwenda mwezini. Jack Swigert akatoa taarifa, na nahodha wake, Jim Lovell, akairudia: "Houston, we've had a problem." Yaani *tumepata* tatizo. Hii ya "we have", *tuna* tatizo, imeenezwa na filamu ya 1995 iliyosimulia safari hiyo. Wanaanga wote watatu walirudi salama tarehe 17. Siku hizi msemo umebaki wa utani, wa kutumia chumvi ikikuishia ilhali wageni wameshafika. Ghala likiungua, usimwandikie mkurugenzi hivyo.

Mhasibu, Dodoma: Naweza kuandika "snafu" kwenye ripoti?

Usithubutu. Maana yake ni mvurugano, lakini ni neno la wanajeshi wa Marekani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno matano, na F yake ni tusi. Andika "error".

Mchuuzi wa samaki, Mombasa: Kwa nini Waingereza wakishuku jambo husema kuna kitu "fishy"? Samaki wamewakosea nini?

Samaki wa leo hanuki vibaya. Anayenuka ni wa juzi ambaye muuzaji anaapa kuwa ni wa leo, na hilo nadhani wewe unalijua kuliko mimi. Sisi husema hapa kuna namna, au habari hii ina walakini. Wao pia husema "I smell a rat", nanusa panya, kwa maana hiyo hiyo. Ila usichanganye ukasema "I smell a fish". Hapo sokoni kwako hakuna atakayeshtuka.