Saruji kwenye jumba la mawe? Hapana

Ndugu, umeuliza kama mnaweza kupiga lipu ya saruji kwenye lile jumba la kale mnalotaka liwe maktaba ya mtaa. Msithubutu! Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Saruji huuziba, unyevu ukabaki ndani, chumvi ikaisukuma lipu mpaka ibanduke, na boriti za mikoko zikaoza pale zinapoingia ukutani, mahali msipopaona. Tumieni chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, ingawa fundi atanung'unika. Mkitaka kuona jumba la aina hii, nendeni mkalione Boma la Kale, Dar es Salaam: la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, na leo lina maonyesho ya usanifu wa jiji. Ila kabla ya lipu anzeni na paa, lisije likavujia kuta.