Majibu kwa Wasomaji: Meza Isizibe Mlango

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara wa Magomeni, Bagamoyo, na ninauza kanga pamoja na mikoba ya ukili. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inapofanya tamasha lake, mimi hukodi banda la turubai lenye mita 3 kwa 3. Safari iliyopita nilipeleka mzigo wangu wote nikaupanga hadi juu, lakini watu walisimama nje, wakatazama na kupita, ilhali jirani yangu mwenye bidhaa chache aliuza kunishinda. Nimekosea wapi?

JIBU: Shikamoo, mama. Hukuitaja meza yako, lakini kwa kuwa watu walisimama nje, nadhani uliiweka mbele, kutoka nguzo hadi nguzo, nawe ukakaa nyuma yake. Meza ya namna hiyo inamfaa muuza nyanya, ambaye mteja wake amekwisha kujua anachokitaka. Mnunuzi wa kanga hajui mpaka asome, ashike na ajitande, na ili afanye hayo ni lazima aingie. Basi isogeze meza ubavuni, iambae na ukuta, uache mdomo wa banda wazi na katikati pawe na nafasi ya watu wawili kupishana. Mzigo utakaokosa mahali utie kwenye maboksi chini ya meza, uyafunike kwa kitambaa kinachofika chini, na uwe ukitoa kadiri unavyouza.

Ukuta wa nyuma ndio wa kufikiriwa zaidi. Kanga ina urefu wa sentimita 150 hivi na kimo cha kama sentimita 110, kwa hiyo mita zako 3 zinachukua kanga mbili tu zilizofunguliwa kikamilifu, na hizo mbili zinatosha. Wauzaji wengi huzikunja juu ya kamba hata jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, likafichika, na hali jina ndilo linalomsimamisha mwanamke, akacheka peke yake, kisha akamwita shoga yake aje kusoma. Jina hukaa upande wa chini wa mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, juu kidogo ya pindo, ule mpaka unaoizunguka. Ukiupandisha ukingo wa juu wa kanga hadi mita 2 na sentimita 30 hivi, litaangukia usawa wa macho. Chini yake pana nafasi ya kupanga kreti za soda zilizopinduliwa na kutandikwa mkeka, na juu ya kreti hizo doti, yaani kanga mbili mbili zilizoungana, zilizokunjwa kwa namna ambayo jina la kila moja linasomeka kwa nje. Zile mbili za ukutani zibadilishe kila asubuhi. Kwa ajili ya wageni wasiosoma Kiswahili, bandika kando kadi yenye maana ya jina, ingawa nakiri kwamba mafumbo mengine hayatafsiriki, na hayo ni afadhali uyaeleze kwa mdomo.

Mikoba uijaze magazeti ili isimame, uitundike mahali mkono unapofika, na bei iandikwe kwenye kila mmoja. Mgeni asiyeona bei hudhani itapangwa kwa kumtazama uso.

Kuhusu upepo nina ushahidi wangu. Niliwahi kupanga banda la rafiki huko Tanga, nikazifunga kanga mbele kama bendera kwa ncha mbili za juu tu. Alasiri upepo wa bahari ulipochachamaa, moja ilichomoka na kwenda kujivingirisha kwenye jiko la mishikaki la jirani. Tuliilipia mishikaki, na kanga ikawa tambara. Funga ncha zote nne, na ukingo wa chini uupitishie ufito. Jua nalo hupausha rangi, kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua, usichukue banda linalotazama magharibi, maana jua la alasiri litakuingilia hadi ndani.

Kama kuna fundi cherehani unayemwamini, mwombe akae ubavuni mwa banda. Doti huuzwa ikiwa haijakatwa, na mgeni anayeondoka kesho hana mahali pa kuipeleka. Akikatiwa na kupindiwa papo hapo huku akitazama mikoba, huenda akaondoka na vyote viwili. Namba ya malipo ya simu iandike kwa herufi kubwa karibu na unapokaa, na uwe na chenji tangu asubuhi.

Siku chache kabla ya tamasha, chora mraba wa mita 3 kwa majivu uani kwako, upange kila kitu kama kitakavyokuwa, kisha umwombe jirani aingie akiwa amebeba mtoto mgongoni, ageuke na kutoka. Chochote atakachokigusa bila kukusudia, kiondoe.