Kadi ya mafao ya Marekani na makato yake ukiwa Moshi

Shangazi yangu wa Marangu ni mjane. Marehemu mumewe alifanya kazi Marekani miaka mingi, wakaishi huko, wakarudi, na sasa kila mwezi shangazi anaingiziwa mafao ya mjane ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani, kwenye kadi inayoitwa Direct Express. Mimi ndiye ninayemsindikiza Moshi mjini kutoa hela, kwa hiyo makato haya nimeyasoma kwenye risiti moja baada ya nyingine. Wapo wazee wengine wa huku wenye kadi kama yake, na watoto wao ndio ninaowaandikia.

Kadi yenyewe haina akaunti ya kawaida ya benki nyuma yake. Serikali inaweka hela, wewe unatumia kilichomo, basi. Hazina ya Marekani iliianzisha 2008, na Machi 2013, hundi za karatasi zilipoondolewa kwa karibu wapokeaji wote, asiye na akaunti ya benki akaelekezwa huko. Ada ya mwezi haina, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Ukiwa ndani ya Marekani, kila hela inapoingia unatoa mara moja bure kwenye mashine za mtandao wao, ukirudia ni senti 85. Nje ya Marekani cha bure hakuna: karatasi ya ada iliyokuja na kadi ya shangazi inasema dola 3 kila unapotoa, pamoja na asilimia 3 ya kiasi ulichotoa.

Asilimia hiyo kwenye ATM huiepuki. Dola 3 ndizo za kupigania. Ukitoa dola 300 kwa mkupuo unakatwa 12. Ukizigawa mara tatu, mia mia, unakatwa 18 kwa hela ile ile. Shangazi alipenda kutoa kidogo kidogo, na simlaumu, maana hela ikijulikana iko ndani hazikosekani hodi: fundi anadai, mtoto wa jirani karudishwa ada. Siku hizi anatoa nyingi kwa pamoja, tunavuka barabara, anaziweka kwenye akaunti yake ya shilingi, mkononi anabaki na za wiki. Kutoa kwenye akaunti ile nako kunakatwa, lakini hakukaribii dola 3.

Tatizo ni kwamba mashine zina kikomo. Nyingi tunazotumia zinagoma ukizidisha shilingi 400,000 kwa mara moja. Ukichomeka kadi tena, dola 3 nyingine zimekwenda. Benki za pale karibu na mnara wa saa zimepangana, kwa hiyo ulizia mashine yenye kikomo kikubwa kabla ya kuchomeka. Na benki yenye mashine nayo inataka chake kwa kadi ya kigeni. Kiasi hicho huandikwa kwenye kioo kabla hujakubali, kwa maandishi ambayo mzee wa miaka sabini na kitu hayasomi bila miwani.

“Mwanangu, hii mashine ina maneno mengi, bonyeza tu twende.”

“Subiri kidogo shangazi, wanataka chao hapa.”

Ukiona ada hujaipenda, futa, toa kadi, nenda mashine ya jirani. Baadhi huongeza swali la pili: ukatwe kwa dola, kwa bei ya kubadilishia waliyoipanga wao? Kataa. Hela itatoka vilevile, kwa shilingi.

Kuswaipu dukani au famasi ni nafuu zaidi, kwani unakatwa asilimia 3 bila zile dola 3. Ila uliza kwanza kama mwenye duka naye anaongeza asilimia yake kwa wanaolipa kwa kadi. Wengine huongeza, na hawasemi mpaka uulize.

Salio liangalieni kwa simu, bure. Taarifa ya karatasi inayotumwa kwa posta ni senti 75 kwa mwezi, ikataeni. Kadi ikipotea, ya kwanza kwa mwaka mnapewa bure, inayofuata dola 4, lakini kinachouma ni kuisubiri ifike Marangu. Namba ya siri asipewe mlinzi wala bodaboda, hata yule mnayemwita mtoto wa nyumbani.

Siku ya kwenda nayo ina maana. Kwa anayeishi nje ya Marekani malipo haya kwa kawaida huingia tarehe 3 ya mwezi; zile Jumatano zinazofuata tarehe ya kuzaliwa ni za walioko Marekani.   Kwa tofauti ya saa baina yetu na Marekani huwa tunashuka kesho yake asubuhi.